Kumpumzisha Mzee Si Kumsaidia



Akina mama na akina baba wa vikundi, leo tuongee juu ya wazee wetu. Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Kulikuwa na shosho mmoja tuliyekuwa tukimtembelea. Alikuwa akijichotea maji na kupalilia kashamba kake. Tukamhurumia. Kikundi kikamnunulia kiti, msichana akapewa kazi ya maji, tukamwambia, "Shosho, sasa pumzika." Miezi michache baadaye hakuweza kuinuka kwenye kiti kile bila kushikwa mkono. Halafu akaanguka akielekea chooni. Twashukuru Mungu hakuvunjika. Kumbe tulikuwa tumemnyang'anya nguvu zake!

Tukajifunza kwamba kuzeeka si sawa na kudhoofika. Mwaka wa 2001 wataalamu wa Marekani wakiongozwa na daktari Linda Fried walieleza dalili 5: kukonda bila kutaka, kuchoka kila mara, mikono kukosa nguvu ya kushika, kutembea polepole na kuacha shughuli. Mzee mwenye dalili 3 au zaidi amedhoofika. Homa kidogo tu au kuanguka mara moja kwaweza kumlaza kabisa.

Basi tufanye nini?

Kwanza, chakula. Wengi hushinda na chai na mkate. Misuli yataka maharagwe, ndengu, omena, mayai na maziwa. Kama meno yamekwisha, mpondee. Na pesa za Inua Jamii zikifika, zimlishe yeye kwanza kabla ya karo ya wajukuu.

Pili, mwili ufanye kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za kutembea au kazi kama hiyo kwa juma, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Kuinuka kitini na kukaa tena mara kadhaa ni zoezi zuri, na halina gharama.

Tatu, presha na sukari zipimwe. Dawa zake zote zipelekwe kliniki ziangaliwe, maana nyingine humtia kizunguzungu akaanguka. Sigara aache.

Nne, asiachwe peke yake. Jumuiya ndogo ndogo ikutane kwake.

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama amtazame mzee mmoja akiinuka kitini, kisha atuambie alichoona.

Na shosho wetu? Msichana bado anachota maji, lakini shosho humfuata na mkongojo wake, akibeba kamtungi ka lita 3. Hataki kusaidiwa!