Mkubwa ni Jalala: Akili ya Hisia katika Uongozi Kazini

Hotuba ya muuguzi msimamizi mstaafu kwa wakuu wa idara, wasimamizi wa wadi na maafisa wa afya kutoka Meru na Embu



Nimeombwa nizungumze juu ya akili ya hisia. Jina lenyewe ni geni kidogo. Wanasaikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliliandikia mwaka 1990, na kitabu cha Daniel Goleman cha mwaka 1995 kikalisambaza duniani. Maana yake ni uwezo wa kutambua unachohisi, kujizuia kabla ya kutenda, kutambua anachohisi mwenzako, na kuyazingatia hayo yote unapoamua.

Lakini Waswahili walishasema: mkubwa ni jalala. Kila mtu huja kumwaga lake hapo, yaani malalamiko, lawama na habari mbaya. Jalala likianza kufukuza watu, taka zitatupwa njiani usiku, na kijiji kizima kitaugua.

Niwaambie kosa langu. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali moja niliyofanyia kazi, muuguzi kijana alichelewa mara tatu kwa wiki moja. Mara ya tatu nilimkaripia mbele ya wagonjwa na wenzake. Alisema tu, "Pole, sista," akavaa aproni akaingia kazini. Mimi nikajiona kiongozi imara.

Wiki chache baadaye alikuwa zamu ya usiku. Mtungi wa oksijeni ulikuwa unakaribia kuisha, na wa akiba haukuwepo. Utaratibu ulikuwa anipigie simu. Hakunipigia. Alikimbia mwenyewe wodi hadi wodi akitafuta mtungi mwingine. Aliupata, na mgonjwa akapona, lakini zilibaki dakika chache tu. Nilipomuuliza kwa nini hakunipigia, alijibu kwa sauti ya chini: "Niliogopa, sista." Siku hiyo ndipo nilipojua pia kwamba alikuwa akichelewa kwa sababu ya kumuuguza mama yake nyumbani. Mfagiaji wa wodi alikuwa akijua. Mimi msimamizi wake sikujua.

Ndugu zangu, kuchelewa kwake kulikuwa kosa, na nilipaswa kulishughulikia. Lakini karipio langu halikumfundisha kuwahi. Lilimfundisha kunificha habari. Na hospitalini, habari iliyofichwa hugharimu uhai wa mtu.

Nisieleweke vibaya. Upole hauwezi kuchukua nafasi ya haki. Madaktari wa hospitali za umma walipoweka zana chini Desemba 2016, walikaa nje siku 100, hadi Machi 2017. Walikuwa wakidai mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013 utekelezwe. Maneno matamu yasingetosha. Kiongozi anayetabasamu huku akikalia stahili ya mfanyakazi anatumia akili hiyo kwa hila, na watu hulitambua hilo upesi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa sawa kazini. Kifungu cha 236 kinakataza kumwadhibu afisa wa umma bila kufuata utaratibu wa sheria. Huo ndio msingi. Akili ya hisia ni nyumba inayojengwa juu yake.

Tufanyeje basi? Nina mambo manne niliyojifunza kwa kuchelewa.

Kwanza, ukipandwa na hasira, usiandike barua ya kumtaka mtu ajieleze siku hiyo. Ilaze hadi asubuhi. Kama bado inafaa, itafaa hata kesho.

Pili, uliza kabla ya kuhukumu. "Kuna nini wiki hii?" ni maneno manne tu, lakini yangeniokoa aibu. Njuri Ncheke, baraza letu la wazee hapa Meru, linaheshimiwa kwa sababu watu wanajua watasikizwa kabla ya uamuzi kutolewa.

Tatu, sifu hadharani, kosoa faraghani.

Nne, anayekuletea habari mbaya, mshukuru kwanza. Kisha mshughulikie tatizo pamoja. Na ukikosea wewe, omba msamaha. Mimi nilimwomba yule muuguzi msamaha mbele ya wenzake wale wale, kwa kuwa nilimdhalilisha mbele yao. Cheo changu hakikupungua. Kuanzia hapo simu yangu ililia usiku mara nyingi, na sikuwahi kulalamika tena.

Mwisho, nawakumbusha tunayemfanyia kazi. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Mama anayetoka Igembe au Mbeere alfajiri na mtoto mgongoni hajui ni nani alimkaripia nani ofisini. Lakini karani aliyefokewa asubuhi ndiye atakayemfokea mama huyo dirishani saa nne. Hasira ya mkubwa hushuka ngazi hadi imfikie asiye na wa kumshushia.

Tuikomeshe huku juu.