Uti wa Mgongo na Kibamba Kilichopinda

(Hotuba iliyotolewa ukumbini mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika Siku ya Kukutana)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie "Kijana na Utumishi wa Umma". Hotuba hiyo nimeiandika, nayo imo mfukoni mwangu, lakini kwa idhini ya Ndugu Mwenyekiti nitaiacha huko huko. Nitazungumza juu ya kitu kidogo kilichomo shingoni mwangu tangu mwaka 2021, na juu ya jalada moja nililolirudisha miaka mitatu kabla ya hapo.

Nianze na jalada. Kama wengi wenu mjuavyo, mimi nilipotoka Chuo Kikuu niliingia katika kazi ya ugavi, na kazi ya afisa ugavi ni kuuliza bei. Mwaka 2018 lilifika mezani kwangu ombi la kununua vipandikizi vya uti wa mgongo. Nikafungua picha. Kilikuwa kijipande cha plastiki chenye upana wa kama milimita 14 na kimo kisichozidi milimita 8, pamoja na vibamba viwili vya chuma vilivyopinda kama kucha za paka. Nikatazama bei, nikacheka. Nikaandika dokezo pembeni: "Bei hailingani na ukubwa wa kifaa. Lirudishwe kwa ufafanuzi." Jalada likaenda masijala, likarudi, likaenda tena. Lilizunguka miezi minne. Wakati huo nilijisifu kwamba nalinda fedha za wananchi, na wakubwa wangu nao walinisifu.

Sasa nije kwenye shingo. Wanafunzi wa bayolojia watanisahihisha nikikosea. Mtu mzima ana pingili 24 ambazo hujongea kila moja peke yake: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake ziko zile zilizoungana kuwa mfupa mmoja. Baina ya pingili na pingili, isipokuwa zile mbili za juu kabisa, mna diski, ambayo ukingo wake ni nyuzi ngumu zilizozungushwa tabaka juu ya tabaka, na kiini chake ni laini kama ute mzito. Nyuma ya diski hizo umepita ugwe wa mgongo, mnene kama kidole kidogo cha mkono, na ndani yake hupita amri zote kutoka ubongoni kwenda mikononi na miguuni. Diski ikichakaa au ikipasuka, kiini chaweza kusukumwa nyuma, au mfupa ukaota vijiba pembeni, na ugwe au neva ikabanwa.

Mimi sikuumwa sana shingo, na hilo ndilo lililonidanganya. Kwanza vifungo vya shati vilianza kunishinda asubuhi. Kisha nikaangusha kikombe cha chai mbele ya wageni. Nikanunua dawa za maumivu, nikachuliwa mafuta, nikaambiwa ni uchovu, nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali. Siku moja benki karani akanirudishia hati yangu akisema, "Mzee, sahihi hii si yako." Nilitia sahihi mara tatu mbele ya macho yake, na mara zote tatu ilikuwa si yangu. Hapo ndipo nilipokwenda hospitali. Picha za mashine ya MRI zikaonyesha ugwe umebanwa kati ya pingili ya tano na ya sita ya shingo.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa kaka zangu wenye umri wangu. Watu wengi wenye maumivu ya shingo hawahitaji kisu. Wengi hupata nafuu kwa majuma au miezi, kwa dawa na mazoezi. Lakini vidole vikianza kupoteza ustadi, au mwendo ukawa wa kuyumba, jambo hilo si la kusubiri, kwa maana ugwe uliobanwa kwa muda mrefu haurudishi yote uliyopoteza.

Upasuaji wenyewe hupitia mbele ya shingo, kando ya koo. Njia hiyo si ngeni. Robinson na Smith wa Baltimore, Marekani, walieleza kazi yao mwaka 1955 na tena mwaka 1958, na mwaka huo huo wa 1958 Cloward wa Honolulu akaeleza ya kwake. Waliondoa diski mbovu, wakachukua kipande cha mfupa kutoka nyonga ya mgonjwa, wakakisimamisha mahali pale ili pingili mbili ziungane ziwe moja. Baadaye akaja Bagby, naye alianzia kwa farasi! Wako farasi ambao ugwe wao hubanwa shingoni wakawa wanapepesuka kama walevi, na katika miaka ya 1970 yeye na wenzake madaktari wa wanyama waliwawekea kikapu cha chuma chenye matundu, ambacho mfupa huota kupitia ndani yake. Kifaa cha binadamu kilichotokana na kikapu hicho kilipewa kibali Marekani mwaka 1996.

Tatizo likabaki moja: kikapu kisichomoke. Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa bamba la chuma lililolazwa mbele ya pingili na kukazwa kwa skrubu. Bamba hilo hushika vizuri, lakini mbele yake pamepita umio, yaani njia ya chakula, na wako wagonjwa ambao humeza kwa taabu. Tena, ili skrubu iingie mshazari, bisibisi nayo lazima ilale mshazari, na chale lazima ipanuliwe. Juu kuna taya, chini kuna mfupa wa kidari. Mkono wa daktari hauna mahali pa kulala.

Ninyi mliosoma hapa pamoja nami mnamkumbuka mwalimu wetu wa useremala, Mungu amrehemu. Alitukataza kupigilia misumari yote wima. Alisema msumari ulioingia wima hutoka kwa njia ile ile, akatufundisha kupigilia miwili kwa mshazari, mmoja huku na mmoja kule. Lakini kabatini, mahali pasipo na nafasi ya kuzungusha nyundo, fundi afanyeje?

Jibu ni kuupinda msumari wenyewe. Miongoni mwa waliolifanyia kazi jibu hilo ni kampuni ya LDR, iliyoanzishwa mwaka 2000 huko Troyes, Ufaransa, mji uliojulikana zaidi kwa soksi na fulana kuliko mifupa. Kipandikizi kina matundu upande wa mbele. Daktari akishakijaza chembe za mfupa na kukiingiza mahali pa diski, husukuma kibamba cha titaniamu moja kwa moja mbele yake, bila kuulaza mkono. Kwa kuwa kibamba kimepinda, na tundu nalo limepinda, kikifika ndani hugeuka chenyewe kikachoma pingili ya juu. Cha pili hugeuka kikachoma ya chini. Mwishoni kuna kizuizi kinachokifunga kisirudi kwa njia kilikotoka. Kila kitu kimebaki ndani ya nafasi ya diski, na mbele hapakubaki bamba la kusugua umio.

Sisemi kwamba ni kifaa kisicho na kasoro. Mfupa ukiwa dhaifu, kipandikizi chaweza kudidimia, na kibamba kilichoingia kwa kupinda si rahisi kukitoa. Pia diski za jirani hubeba mzigo zaidi. Na jambo ambalo sikulijua hata kidogo: chuma hakiponyi. Chuma hushikilia tu mpaka mfupa uote na kuunganisha pingili mbili, na mfupa usipoota, chuma nacho mwishowe hulegea au huvunjika. Daktari aliniambia waziwazi kwamba sigara huzuia mfupa kuunga. Nilikuwa mvutaji wa miaka 20, na uvutaji wenyewe, samahani Mwalimu Mkuu, niliuanzia nyuma ya bweni lile pale. Niliacha wiki tatu kabla ya upasuaji.

Daktari huyo nilimtambua kwa jina kabla sijamtambua kwa sura. Ndiye aliyetia sahihi ombi la mwaka 2018. Alinionyesha kipandikizi, akanieleza kama ninavyowaeleza ninyi, wala hakutaja jalada. Mimi ndiye niliyelitaja, siku ya kutolewa nyuzi. Nilimwuliza kama katika ile miezi minne kulikuwa na watu waliosubiri. Alisema walikuwapo wawili. Mmoja aliwekewa bamba la zamani, akaendelea vizuri. Wa pili alikuwa dereva wa lori, alichoka kusubiri akarudi kijijini. Nikauliza, "Akawaje?" Daktari akasema hakurudi tena kliniki, akaendelea kuandika. Sikuthubutu kuuliza zaidi, na mpaka leo sijui.

Bei ile, wadogo zangu, bado naiona kubwa. Nilikuwa na haki ya kuihoji, na leo ningeihoji tena. Lakini kulikuwa na simu juu ya meza yangu, na hospitali ile ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka ofisini. Niliandika "ufafanuzi" kwa sababu kuandika kulikuwa rahisi kuliko kwenda kuuliza. Siku hizi ombi la kifaa nisichokifahamu hunitoa kitini. Hubeba jalada kwapani nikaenda kumwona mtu atakayekitumia.

Vidole viwili bado vina ganzi, vifungo nafunga, na sahihi yangu benki wameipokea mpya. Shingo inageuka vizuri kuliko nilivyotazamia, maana nusu ya kugeuka kwa kichwa hufanywa na zile pingili mbili za juu.

Mwisho, nimeleta kielelezo cha uti wa mgongo cha plastiki kwa ajili ya maabara ya bayolojia, nacho nimekikabidhi kwa mwalimu anayehusika. Waya wake umelegea njiani, pingili ya nne ya shingo inazunguka ovyo. Natumaini karakana bado ina koleo.