Shafti ya Usukani Isipoingia, Usiilazimishe
Hotuba ya mkufunzi wa ufundi wa magari katika siku ya wazi ya chuo cha mafunzo ya ufundi



Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, nalo ni usukani wa Volkswagen Beetle. Wazee wetu wanalikumbuka gari hili; Tommy Fjastad alishinda Safari Rally akiendesha Volkswagen mwaka 1962. Siku hizi vijana wanayafufua yaliyobaki. Bodi inanyanyuliwa, inapigwa rangi, inarudishwa juu ya chesisi. Halafu siku ya kufunga usukani, shafti inakataa. Inakwaruza ukingo wa tundu, au inaingia lakini usukani unakuwa mzito ukifika nusu ya mzunguko.

Hapo ndipo grinda hutolewa. Tundu linapanuliwa, shafti inapashwa moto na kupindwa, au inakatwa na kuchomelewa upya. Gari linatoka karakana liking'aa. Lakini shafti iliyochomelewa hivyo haiaminiki tena, na ikikatika kwenye mteremko dereva anabaki ameshika usukani usioongoza chochote. Isitoshe, tangu modeli za 1968 kiwanda kilianza kutengeneza nguzo ya usukani inayokunjika gari likigongwa mbele, isimchome dereva kifuani. Ukiichomelea chuma cha kuikaza, umeondoa kinga hiyo.

Mara nyingi shafti haina kosa. Kuna kitu chini yake kimehama.

Boksi la stelingi la Beetle ya kawaida limeshikwa kwa klempu kwenye bomba la juu la ekseli ya mbele. (Modeli za 1302 na 1303 zimepangwa tofauti, hizo tuziache leo.) Bomba ni la mviringo, kwa hivyo klempu ikilegea, boksi linaweza kuzunguka kidogo. Uzungukaji mdogo tu pale chini unatosha kuikosesha shafti tundu lake huku juu. Kabla ya kushika kitu kingine, tazama ile raba ya duara inayounganisha boksi na shafti. Ikiwa imelala bapa, sawa. Ikiwa imejipinda upande, legeza klempu na uligeuze boksi taratibu mpaka raba ilale yenyewe. Hakuna nyundo hapo. Ukiona raba ina nyufa, nunua mpya. Hii si spea ya kubahatisha.

Kama boksi limekaa sawa na shafti bado inakwaruza, chunguza bodi. Wengi huisahau ile mpira ya kuziba kati ya bodi na chesisi, au hupoteza washa na vipande vya kuinua vilivyokuwa kwenye bolti za mbele. Bodi ikikaa chini kuliko ilivyokuwa, tundu la shafti linashuka nayo. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasitupe washa hata moja wakati wa kufungua, hata ikiwa na kutu.

Sasa kufunga. Inua gari mbele na ulitegemeze vizuri. Zungusha stelingi kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia ukihesabu mizunguko, kisha rudi nusu yake. Hapo ndipo katikati. Magurudumu yasiponyooka hapo, rekebisha fimbo za stelingi, using'oe usukani na kuupachika ukiwa umepinda ili uonekane umenyooka. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza. Kaza kuanzia chini kwenda juu, na baada ya kila bolti zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Ukianza kuwa mzito, bolti uliyoikaza mwisho ndiyo inayokuonyesha kasoro ilipo. Kati ya usukani na swichi ya indiketa acha nafasi ya milimita 2 au 3, visisuguane.

Honi isipolia baada ya hapo, msihangaike na betri. Raba haipitishi umeme, na kuna waya mdogo unaovuka juu yake. Mara nyingi umesahaulika.

Bibi mmoja ameniuliza mlangoni kama fundi wake anamdanganya akimwambia kazi hii ni ya siku nzima. Hamdanganyi, mama. Mwenye kuimaliza kwa saa moja kwa grinda ndiye wa kuogopwa.

Tusogee sasa kwenye lile gari la buluu pale kivulini. Klempu yake nimeilegeza, raba imejipinda. Wanafunzi watatu waje na spana.