Sala ya Pamoja Ianze na Kupatana



Nimeombwa niseme machache juu ya sala ya pamoja ya Wakristo hapa Mwanza.

Mwaka 1929, huko Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na Mwingereza Joe Church, daktari wa misheni ya Gahini, Rwanda, walisoma Biblia na kuomba pamoja. Walikuwa wawili tu. Uamsho uliofuata ulienea hadi Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa letu. Majirani waliutambua kwa matendo: walioamka walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakaombana radhi.

Basi Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana na ndugu wa AIC wakikutana kuomba, ni vema. Lakini mtumishi wa umma kama mimi akitoka kwenye sala akamdai mwananchi hongo, tumeomba nini? Nanyi wanafunzi, kabla ya kuitikia "Amina", rudisheni kitabu cha mwenzenu, mkapatane na mliyegombana naye.

Wawili wanatosha kuanza.