Kabla Hujanunua Printa, Nenda na Laptopu Yako Dukani

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa Zombe. Tunayachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.

  Sitawachosha. Nimekuja kuzungumza juu ya kifaa kimoja tu, printa, kwa sababu ni kifaa kinachokula pesa za watu wengi kimyakimya.

Leo karibu kila jambo la serikali linaishia kwenye karatasi. Mtoto ana kazi ya shule ya kuchapisha. Mzazi anahitaji fomu ya basari. Kijana anahitaji cheti cha PIN ya KRA au stakabadhi kutoka eCitizen. Stima ikipotea sokoni siku ya mwisho ya kurudisha fomu, mtu hupanda gari hadi Kitui mjini kwa ajili ya kurasa tatu. Ndiyo maana familia na vyama vingi vinafikiria kununua printa yao wenyewe. Ni wazo zuri. Shida ni pale printa inapofika nyumbani na kukataa kuzungumza na kompyuta.

Jambo hili linatugusa zaidi sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa bure kwa Windows 10. Laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11, na laptopu za mitumba tunazonunua nyingi ni za umri huo. Hazijaharibika. Vijana wetu wanaziwekea mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambao ni wa bure na wa halali, na zinaendelea kufanya kazi. Lakini mtu akienda dukani kununua printa, kibandiko kwenye boksi kinataja Windows na Mac tu. Je, ainunue au aiache?

Kwanza tuelewe printa inavyofanya kazi. Kompyuta haitumi picha ya ukurasa hivi hivi tu. Lazima itumie lugha ambayo printa inaielewa. Programu ndogo inayofasiri kati ya hizo mbili huitwa draiva. Mtengenezaji asipotoa draiva ya Linux, na lugha ya printa yake ikiwa ni siri, mkalimani anakosekana, na printa inabaki pambo la mezani.

Kwa kweli, harakati nzima ya programu huria ina uhusiano na printa. Mnamo 1980 hivi, maabara moja ya chuo cha MIT huko Marekani ilipewa printa ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama, na mtaalamu aitwaye Richard Stallman alitaka kurekebisha programu yake ili iwaarifu watumiaji karatasi inapokwama. Alinyimwa msimbo wa programu hiyo. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo ambao kila mtu anaweza kuusoma, kuurekebisha na kumpa jirani. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland akaleta kiini cha Linux. Afrika Mashariki nayo ilishiriki: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Habari njema ni kwamba mambo yamekuwa rahisi. Linux huchapisha kupitia programu iitwayo CUPS, na Apple waliichukua programu hiyo hiyo kwa kompyuta zao za Mac tangu 2002. Mwaka 2010 Apple walileta AirPrint, njia ya kuchapisha kutoka kwenye simu bila kuweka draiva yoyote. Printa nyingi mpya zimejengwa kwa njia hiyo, na Linux za miaka ya karibuni zinaielewa. Kwa hivyo jambo la kwanza la kutafuta kwenye boksi ni neno AirPrint, Mopria au IPP Everywhere. Ukiliona, uwezekano wa printa hiyo kufanya kazi na Linux ni mkubwa sana, na mara nyingi hata skana yake itafanya kazi. Lakini msidanganyike na maneno «inachapisha kutoka kwenye simu». Baadhi huchapisha kutoka kwenye simu kupitia programu ya kampuni yenyewe tu, na hilo ni jambo tofauti.

Jambo la pili ni jina na namba kamili ya modeli. Hatuuzi printa, wala kaunti haipendekezi kampuni yoyote. Nasema tu yale yanayojulikana. HP wana programu huria iitwayo HPLIP, inayohudumia printa zao nyingi. Hata hivyo, baadhi ya leza zao za zamani, kama LaserJet P1102, zinahitaji kipande cha ziada kisicho huria ambacho lazima kipakuliwe kwa intaneti kwanza. Epson wana draiva huria kwa printa nyingi za wino, zikiwemo nyingi za tangi za mfululizo wa L. Brother hutoa draiva za Linux kwenye tovuti yao. Canon hutoa kwa baadhi ya modeli, lakini leza yao ya zamani LBP2900, ambayo bado inauzwa mitumba, hutumia lugha ya Canon wenyewe iitwayo CAPT, na imewasumbua watu wengi wa Linux. Kwa hiyo usiulize, «HP ni nzuri?» Uliza juu ya modeli hiyo hasa, mpaka herufi ya mwisho.

Herufi ya mwisho nina maana yake. Baadhi ya printa za HP zina herufi «e» mwishoni mwa namba. Zikisajiliwa kwenye mpango wa HP+, zinataka kuunganishwa na intaneti na zinakubali wino halisi wa HP peke yake. Hapa kwetu, ambapo mtandao huja na kuondoka, hilo lifikirie mara mbili.

Jambo la tatu ni stima. Printa ya leza hupasha moto ili tona ishike kwenye karatasi. Inapochapisha hutumia wati mia kadhaa, na hupanda zaidi inapoanza kupata joto. Printa ya wino hutumia takriban wati 10 hadi 20. Wewe unayetumia sola ya nyumbani, leza itakuzimia mfumo. Leza pia isichomekwe kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Lakini wino nao una shida yake: katika joto na vumbi letu, printa isipotumika kwa majuma mengi, wino hukauka kwenye matundu yake. Tona ni unga, haikauki. Kwa hiyo mwenye sola achague printa ya wino, aifunike na kitambaa, na achapishe ukurasa mmoja wa rangi kila juma. Mwenye stima ya kuaminika, anayechapisha maandishi meusi kwa nadra, leza itamfaa zaidi.

Wengine mtauliza, «Sina Wi-Fi nyumbani, hiyo AirPrint itanisaidia nini?» Washa hotspoti ya simu yako, uunganishe laptopu na printa kwenye hotspoti hiyo moja. Kwa simu nyingi hilo linatosha. Karatasi haipiti kwenye intaneti, kwa hiyo kuchapisha hakutakula bando. Zipo pia printa mpya ambazo hutumia njia hiyo hiyo kupitia waya wa USB.

Jambo la nne ndilo kubwa, na ndilo ningependa mtu akumbuke hata akisahau mengine yote. Nenda na laptopu yako dukani. Kama bado hujaweka Linux, mwombe kijana anayeijua akutengenezee flashi yenye Ubuntu. Laptopu inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa chochote kilichomo ndani yake. Muuzaji afungue boksi, uunganishe, uchapishe ukurasa mmoja, kisha uskani ukurasa mmoja. Jaribu zote mbili, kwa sababu printa inaweza kuchapisha vizuri na skana ikakataa. Muuzaji akikataa kufungua boksi kabla ya malipo, mwombe aandike kwenye risiti kwamba printa itarudishwa ikiwa haitafanya kazi na Linux. Akikataa na hilo, duka si moja.

Usione haya kuomba hivyo. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari zinazomwezesha kufaidika na bidhaa hiyo kikamilifu. Kuuliza swali kabla ya kulipa ni sehemu ya haki hiyo. Weka risiti mahali salama.

Mwisho, pigeni hesabu. Tuseme saiba inatoza shilingi 10 kwa ukurasa na nyumba yako huchapisha kurasa 20 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 200 kwa mwezi, 2,400 kwa mwaka. Kwa nyumba kama hiyo printa yako mwenyewe itachukua miaka mingi kurudisha pesa zake, na ni heri kumpa kijana wa saiba kazi. Lakini nyumba nne au tano zikiungana, au chama, au shule ndogo, hesabu inabadilika kabisa. Printa moja ya tangi, laptopu moja ya zamani yenye Linux, na mtu mmoja anayejua kuitunza, vinaweza kuhudumia kijiji kizima wakati wa fomu za basari.

Vijana mnaojua Linux, jitokezeni muwasaidie wazee kutengeneza hizo flashi. Walimu, waulizeni wanaouzia shule zenu maswali haya kabla ya kutia sahihi.

Nimemaliza. Nitakaa hapa kwa muda, mwenye swali au mwenye printa iliyomgomea aje tuzungumze.