Baiskeli Ikigongwa, Karatasi Ndizo Mashahidi

Kisiwani Takawiri gari si tishio. Hatari humsubiri mwendesha baiskeli akishashuka botini Mbita na kushika lami, gunia la omena limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, matatu zikimpita kwa kasi.

Tuseme amegongwa. Mguu umevunjika, rimu imepinda kama sahani iliyokaliwa, omena wametapakaa barabarani. Dereva anatoa noti mbili tatu, anaomba mambo yaishe hapo hapo. Kishawishi kikubwa hicho, maana hospitali inataka pesa leo.

Lakini sheria ya Kenya, Sura ya 405, inamlazimu mwenye gari kuwa na bima ya kulipia watu wengine anaowaumiza. Bima hiyo hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa majeruhi mmoja, na baiskeli haimwondolei mtu haki ya kulipwa. Basi namba ya gari inakiliwe mapema, pamoja na kibandiko cha bima kiooni. Kituo cha polisi hutoa abstrakti, yaani muhtasari wa ajali, na fomu ya majeraha ya P3, ambayo daktari huijaza.

Risiti nazo zitunzwe! Hata ya dawa za maumivu, kwani mahakama hairudishi gharama isiyothibitishwa.

Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali. Asiye na pesa za wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, chini ya sheria ya 2016. Ila aliyekuwa akiendesha usiku bila taa huenda akakatwa sehemu ya fidia.