Mikoko na Fedha za Serikali

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa kazi ya njia katika mkutano wa tawi)



Nilipotajwa kuwa nitasema juu ya mikoko, wengine walicheka. Walisema, mtu wa mataruma na kokoto ajua nini habari za bahari? Nawaomba mnisikilize kidogo, kisha mwamue.

Mwaka juzi sisi wa genge letu tulikwenda pwani siku ya Jumamosi kupanda miche ya mkoko. Tuliipanda katika mchanga wazi, mawimbi yanapopiga. Picha zilipigwa, soda zikanywewa, tukarudi nyumbani tukifurahi. Nilirudi baada ya miezi minne sikuona hata mche mmoja. Mzee mmoja mvuvi aliniambia, "Mwanangu, hapa hapajaota mkoko tangu nizaliwe." Nilitahayari sana. Tulifanya kama yule mtu wa Injili aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga.

Basi nikaanza kuuliza. Nikajifunza kwamba kila mti una mahali pake. Mlilana hukaa mbele, ukielekea bahari. Mkoko hukaa nyuma yake penye tope. Mkandaa hukaa nyuma zaidi, karibu na nchi kavu. Tena yote yataka maji yaingie na kutoka. Sisi watu wa reli twalijua jambo hili. Ukijenga tuta bila kuweka kalvati, maji yatakushinda. Tazameni Makupa. Tuta la barabara lililojengwa zamani za ukoloni lilizuia maji kati ya hori ya Tudor na hori ya Port Reitz kwa miaka mingi, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022 na maji yakapata njia.

Sasa nawapa mfano wa kazi iliyofanikiwa. Huko Gazi, Kwale, mikoko ilikatwa sana katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda. Mwaka 1991 wataalamu wa taasisi yetu ya utafiti wa bahari, KMFRI, walianza kupanda tena. Walipima maji, wakapima udongo, wakahesabu miche iliyokufa na iliyoishi. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wenye hekta 117. Mikoko huvuta hewa chafu na kuificha katika tope, na watu wa nchi za nje hulipa ili ihifadhiwe. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule.

Ndugu zangu, toeni 1991 katika 2013. Mtapata miaka 22. Katika miaka hiyo, wataalamu walikuwa wakipanda na kupima, na fedha za mradi huo zilikuwa bado hazijaja. Nani atalipa mshahara wa mtu kwa miaka 22 kabla ya faida? Mfadhili huja kwa miaka mitatu au minne, kisha hufunga mizigo yake. Mfanya biashara hataki kungoja. Ni Serikali peke yake iwezayo kungoja, maana fedha zake ni zetu, na nchi haihami.

Wengine watasema, lakini wafadhili wanatusaidia. Ni kweli, na twashukuru. Meli ya utafiti iitwayo Mtafiti ilikuwa ya Ubelgiji kabla ya kupewa Kenya. Lakini kila mtu wa karakana hapa anajua: injini ya kupewa bado yataka mafuta, vipuri na mafundi kila mwezi. Zawadi haina mshahara ndani yake.

Tena tusisahau kwamba sisi na hao wataalamu tumetoka nyumba moja. Zamani reli ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na utafiti wa samaki wa baharini ulikuwa wa Afrika Mashariki nzima, makao yake Unguja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilianza upya. Shirika la Reli la Kenya liliundwa 1978, na KMFRI ikaundwa 1979. Sisi twajua jinsi kazi inavyoharibika matengenezo yakikosa fedha. Reli haijengwi ikaachwa. Mikoko nayo haipandwi ikaachwa.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta hoja tawi hili liandikie Serikali mambo matatu. Kwanza, utafiti wa bahari uwekewe fungu la kudumu katika bajeti, si masazo. Pili, fedha za kupanda zilipwe kwa hesabu ya miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, si kwa hesabu ya miche iliyochomekwa siku ya picha. Tatu, kina mama na vijana wanaolea miche na kuilinda walipwe ujira wa kila mwezi, maana hiyo ni kazi kama kazi nyingine.

Nasi chama tusiende tena kupanda kabla ya kuuliza wenyeji na wataalamu. Mimi nimekwisha kuaibika mara moja, yatosha.

Umoja ni nguvu.